Viendelezi nilivyobakiza na nilivyofukuza kwenye saiba yangu ya Busia

Mwenye kompyuta mpya na intaneti ya kulipia mwezi mzima anaweza kujaza viendelezi vya kila rangi, vile viprogramu vidogo vya kuongezea kazi, kwenye kivinjari chake na asione tofauti. Mimi naiona kwenye hesabu ya jioni. Nina saiba ya kompyuta tano hapa Busia, upande wa Uganda, jirani na barabara wanakopanga foleni madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Kenya. Mashine zote ni mitumba, nyingi zina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, na data nanunua kwa bando. Tangu Julai 2021, serikali ilipoondoa ile kodi ya mitandao ya kijamii ya shilingi 200 kwa siku na badala yake ikaweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data, kila megabaiti inayoingia dukani kwangu imeshakatwa kodi kabla haijanifikia. Kwa hiyo video ya kamari inayojicheza yenyewe pembeni ya habari anayosoma mteja nimeilipia mimi. Mwenye kamari hajatoa kitu, na mteja amelipia dakika zake tu.

Ndiyo sababu viendelezi nawachukulia kama wapangaji: asiyelipa kodi anatoka, na anayechungulia vyumba vya wenzake anatoka mapema zaidi. Nimejaribu vingi. Waliobaki ni wachache mno, na nitawasifia kwa haki yao.

Wa kwanza ni uBlock Origin, kizuia matangazo, na huyu namsifia bila masharti. Ni kazi ya Raymond Hill, ni bure, na mwenyewe hapokei hata michango. Ukishakiweka unaona ngao ndogo nyekundu juu kulia, na juu ya ngao kuna namba. Hiyo namba ni idadi ya vitu ambavyo ukurasa ulitaka kuvileta vikazuiwa: matangazo, vifuatiliaji, vipande vya programu vya makampuni ambayo hujawahi kuyasikia. Fungua tovuti ya habari za mpira halafu itazame namba ikipanda huku wewe bado unasoma kichwa cha habari. Kila inapopanda, hicho ni kitu ambacho hakikupakuliwa kwa bando langu.

Watu wengi wanakiweka na kukiacha hapo. Uhondo uko ndani zaidi. Ingia kwenye mipangilio yake utafute mahali panapokuruhusu kuzuia vyombo vya habari vinavyozidi ukubwa fulani wa kilobaiti. Washa hapo. Sasa picha kubwa na video hazishuki mpaka mtu azibofye mwenyewe. Mteja anayetaka kusoma tangazo la kazi anasoma maandishi, na mahali pa picha anaona kisanduku kitupu. Akiitaka picha, anabofya, inakuja. Mwanzoni walilalamika kwamba mashine zangu "hazina picha". Nikawaeleza, wakazoea, na kurasa zikaanza kufunguka kabla mtu hajamaliza kusonya. Kuna pia kitufe cha kuzuia fonti zinazoletwa kutoka mbali. Hicho nacho nimekiwasha. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza fonti imekwenda wapi.

Angalizo mbili. Ukitafuta kwenye duka la viendelezi utakuta majina yanayofanana nalo. Lile fupi, bila neno Origin, ni la watu wengine, usibofye. Na Adblock Plus, ambalo wengi hapa wanalijua zaidi, tangu mwaka 2011 lina mpango wa kuruhusu matangazo "yanayokubalika", na makampuni makubwa hulipia kuwemo kwenye mpango huo. Si siri, wanasema wazi wenyewe. Lakini mlinzi wa lango anayelipwa na baadhi ya wageni mimi simtaki.

Kuna jambo jingine gumu kidogo kuhusu uBlock Origin. Google walianza mwaka 2024 kuvizima kwenye Chrome viendelezi vilivyojengwa kwa mfumo wa zamani, na kufikia mwaka 2025 uBlock Origin ikawa imezimwa. Zamani kiendelezi kilikuwa kinasimama katikati, kinakagua kila ombi linalotoka kwenye kivinjari na kuamua papo hapo lipite au lisipite. Kwa mfumo mpya kinatakiwa kikabidhi orodha ya masharti mapema, halafu kivinjari chenyewe ndicho kinachozuia. Hill alikuwa ameshatoa toleo jepesi, uBlock Origin Lite, linalofuata masharti mapya. Nimelitumia. Linafaa, matangazo mengi yanakoma, na halili RAM. Ila mipangilio ya ndani ni michache, na mimi ni mtu wa kutaka kushika skrubu kwa mkono wangu. Firefox haikufuata njia hiyo, inaendelea kuipokea uBlock Origin kamili, kwa hiyo mashine nne kati ya tano sasa zinafungua Firefox. Ya tano nimeiachia Chrome kwa sababu kuna wateja ambao wasipoona lile duara la rangi nne wanaamini kabisa kwamba hapa hakuna intaneti.

Kuhusu haki ya wanaoishi kwa matangazo: najua magazeti yetu yanategemea hayo. Magazeti mawili ninayosoma kila asubuhi nimeyafungulia. Unabofya ngao, halafu kile kitufe kikubwa cha kuzimia, na tovuti hiyo peke yake inaachwa huru. Tovuti za matokeo ya kamari sijazifungulia.

Kitufe hicho hicho ndicho dawa ya akiba ya tatizo la kila wiki hapa. Ajenti wa forodha anaingia mbio, lori lake liko yadini, anataka kutoa fomu ya malipo kwenye tovuti ya ofisi moja ya serikali. Anajaza kila kitu, anabofya chapisha, kimya. Anabofya tena. Kimya. Anaanza kunitazama kama vile nimemwibia. Kinachotokea ni kwamba fomu ile inafunguka kwenye dirisha ibukizi, yaani dirisha jipya linaloruka lenyewe, na kivinjari kimelizuia. Kwenye Firefox kuna ukanda unaotokea juu kukuambia hivyo. Kwenye Chrome ni kialama kidogo mwisho wa sehemu ya anwani, kidogo kiasi kwamba mtu mwenye haraka hakioni hata siku moja. Unaruhusu tovuti hiyo moja, fomu inatoka. Ikigoma bado, unazima ngao kwenye tovuti hiyo na kupakia ukurasa upya. Nimebandika maelezo hayo ukutani kwa Kiswahili na Kisamia, na bado naitwa.

Mpangaji wa pili ni Bitwarden, kihifadhi manenosiri, lakini huyu anakaa kwangu tu, kwenye laptopu ya nyuma ya kaunta. Kwenye mashine za wateja hakuna kihifadhi manenosiri cha aina yoyote, na hata ile tabia ya kivinjari kuuliza "nihifadhi nenosiri hili?" nimeizima kwenye mipangilio. Ukiwa na saiba na hujaizima, fanya hivyo leo. Mtu akibofya ndiyo bila kusoma, anayekaa kiti hicho baada yake anaingia kwenye barua pepe yake bila jasho.

Kwangu mwenyewe nina akaunti za kila namna: za kodi, za leseni, za kununua umeme, za kuagiza wino, za shule za watoto. Bitwarden toleo la bure linahifadhi manenosiri bila kikomo na linakubali kutumika kwenye kompyuta na simu kwa pamoja. Faida ambayo watu hawaitaji ni hii: halijazi nenosiri mahali ambapo anwani ya tovuti si ile uliyoihifadhi. Macho yangu yanaweza kudanganywa na tovuti ya uongo iliyopambwa nembo ya mamlaka ya kodi. Bitwarden linaangalia anwani, na anwani isipokuwa ura.go.ug linakaa kimya. Ukimya wake ndio onyo. Mfano wa kampuni nyingine upo: mwaka 2022 wezi waliiba nakala za hifadhi za wateja wa LastPass. Manenosiri yalikuwa yamefichwa kwa usimbaji, lakini mwenye nenosiri kuu dhaifu alibaki na wasiwasi wake. Kwa hiyo nenosiri kuu liwe refu. Maneno manne au matano ya Kiswahili yasiyohusiana yanatosha na yanakumbukika kuliko alama za ajabu. Ukilisahau, Bitwarden hawawezi kukurudishia, maana hawalijui.

Watatu ni SingleFile, na nadhani ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Ukihifadhi ukurasa kwa njia ya kawaida, Ctrl na S, kivinjari kinakupa faili moja na folda pembeni yenye picha na mapambo. Mteja anaweka faili kwenye flashi, anasahau folda, anafika nyumbani Bugiri anafungua ukurasa uliopasuka vipande. SingleFile inakusanya kila kitu ndani ya faili moja. Bofya mara moja, subiri kidogo, faili iko tayari, inafunguka popote hata bila intaneti. Mwalimu mmoja hapa anakuja Ijumaa, anafungua kurasa za masomo ya wiki nzima, tunazihifadhi hivyo, anaondoka nazo kwenye flashi kwenda shuleni kwake ambako mtandao ni wa kubahatisha. Mimi nahifadhi matangazo ya forodha kila yanapotoka, kwa tarehe, kwa sababu tovuti zina tabia ya kubadilisha maneno na kuacha watu wakibishana juu ya yaliyokuwa yameandikwa. Kasoro: ukurasa mzito mno unaifanya mashine ya GB 4 isimame kidogo, na video haziingii.

Kwa kuchapisha siweki kiendelezi chochote, ingawa viko vingi vinavyojinadi kusafisha ukurasa. Firefox ina hali ya kusoma ndani yake. Kwenye Windows ni kitufe cha F9. Menyu, pembeni na mapambo vinatoweka, yanabaki maandishi na picha za habari yenyewe. Hapo ndipo unachapisha. Habari iliyokuwa itoke kwenye karatasi sita inatoka kwenye mbili, na wino unadumu.

Waliofukuzwa sasa. Dark Reader, kile kinachogeuza kila tovuti kuwa nyeusi, ni kazi nzuri na kwenye kompyuta yenye nguvu ningekiacha. Kwenye mashine zangu kilikuwa kinaburuza kurasa ndefu. Grammarly waliiomba wanafunzi wanaoandika barua za kazi kwa Kiingereza. Inasaidia kweli, lakini ili isahihishe lazima maandishi yapelekwe kwenye seva zao, na kwenye mashine ambayo ajenti ataandika barua ya mteja wake nusu saa baadaye, hapana. Anayeitaka aitumie kwenye kompyuta yake.

VPN za bure, zile programu zinazopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali ili uvuke vizuizi, ndizo zilizonichosha. Nchi yetu imewafundisha watu kuzitafuta. Kodi ya mitandao ilipoanza Julai 2018 kila kijana alikuwa na moja kwenye simu, halafu Facebook ikafungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, na wanaoitaka wakaendelea kuzitafuta. Sitaki kubishana juu ya sababu za mtu. Nasema tu kwamba anayekupa seva bure anazilipia kwa njia fulani. Hola, iliyokuwa maarufu mno, mwaka 2015 ilibainika kwamba watumiaji wake wa bure walikuwa njia ya kupitishia mawasiliano ya watu wengine, na njia hiyo ikiuzwa kupitia kampuni dada. Fikiria hilo kwa mtu wa bando: mgeni usiyemjua anapita juu ya megabaiti zako, na akifanya uovu, anwani inayoonekana ni yako. Hapa ni marufuku, na akaunti za wateja kwenye Windows hazina ruhusa ya kusakinisha programu.

Halafu wapo wanaoingia wakiwa watu wema na kubadilika baadaye, na hao ndio wanaonifanya nisiongeze kiendelezi ovyo. The Great Suspender kilikuwa kinalaza vichupo, yaani kurasa ulizofungua, ambavyo hutumii ili RAM ipumue. Watu wenye mashine kama zangu walikipenda mno. Mwenyewe akakiuza, mmiliki mpya akaingiza mambo yake ndani, na Februari 2021 Google wakakizima kwa maelezo kwamba kina programu hasidi. Desemba 2024 kiendelezi cha Cyberhaven, kampuni ya usalama wa data, kilitekwa wakati wa Krismasi baada ya mfanyakazi kunaswa na barua pepe ya ulaghai. Toleo lenye sumu likasambazwa kwa watumiaji kama sasisho la kawaida. Kama kampuni ya usalama inaweza kunaswa, jamaa aliyetengeneza kiendelezi cha kubadilisha umbo la kishale cha kipanya atafanyaje?

Kabla ya kuweka chochote nasoma kile kidirisha cha ruhusa. Kikiandika kwamba kitaweza kusoma na kubadilisha data yako yote kwenye tovuti zote, jiulize kazi yake inahitaji hivyo kweli? Kizuia matangazo kinahitaji. Kikokotoo hakihitaji. Na ile kazi ya kulaza vichupo siku hizi Chrome inaifanya yenyewe, iko kwenye mipangilio chini ya utendaji, na Firefox nayo hushusha vichupo RAM inapobana. Kuna zaidi: ndani ya Chrome ukibonyeza Shift na Esc inakuja orodha ya vichupo na viendelezi na kiasi cha RAM ambacho kila kimoja kinakula. Firefox ina ya kwake, andika about:processes kwenye sehemu ya anwani. Mara nyingi mashine inayolaumiwa kuwa "imezeeka" ina kichupo kimoja cha video kilichosahauliwa nyuma ya vingine.

Sasa matatizo, kwa kuwa nusu ya wanaoingia hapa hawaji kutumia kompyuta zangu, wanaleta zao.

Naanza na saa. Mtu anakuja na laptopu, kila tovuti inamwambia muunganisho si salama. Hata Google, hata benki. Ameshaambiwa mahali kwamba amedukuliwa. Natazama pembeni chini: tarehe inasema mwaka 2015. Cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inayoamini kwamba tuko 2015 inaona vyeti vyote ni vya siku zijazo, kwa hiyo inavikataa. Kosa lenyewe kwenye Chrome huwa lina neno DATE ndani yake, ukilisoma hadi mwisho. Unarekebisha saa, kila kitu kinafunguka. Kama kesho yake tarehe imerudi nyuma tena, betri ndogo ya kwenye ubao imekufa. Kwenye nyingi za hizi kompyuta za mezani ni CR2032, ile bapa kama sarafu, na mafundi wa redio wanayo. Kitu ambacho hutakiwi kufanya ni kubofya "endelea hivyo hivyo" na kuandika nenosiri la benki.

Mashine za mitumba kutoka Uingereza zina ugonjwa wa pili wa saa. Zimewekwa majira ya London, mwenye nazo akaona saa haifanani, akasogeza mishale mpaka ikafanana na ya hapa. Sasa inaonekana sawa lakini ndani imepotoka saa nzima kadhaa, na zile tarakimu sita za kuthibitisha, kama zinatolewa na programu kwenye kompyuta hiyo hiyo, zinakataliwa kila mara. Chagua majira kwanza, ndipo uguse saa. Usitafute Kampala kwenye orodha ya Windows, haimo, ni Nairobi.

Lakini kinacholeta watu wengi ni "virusi" vya pembeni. Mzee mmoja muuza vipuri alikuja na laptopu ameikumbatia. Kila baada ya muda kona ya chini kulia kinaruka kijisanduku chekundu: kompyuta yako ina virusi, bofya hapa. Kikifuatiwa na picha ya msichana anayetaka urafiki. Mzee aliona aibu hata kuifungua mbele yangu. Fundi mmoja alikuwa tayari amemfanyia usakinishaji mpya wa Windows na kumtoza, na siku chache baadaye mambo yakarudi.

"Mzee, unatazama mpira mtandaoni?"

"Ligi ya Uingereza, wikendi. Kwani ni kosa?"

Si kosa. Ila zile tovuti za mpira wa bure kabla hazijaonyesha mechi zinakuambia bofya Ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Ile Ruhusu haina uhusiano na roboti. Ni ruhusa ya kutuma arifa, na ukishaitoa, tovuti inaweza kukurushia vijisanduku hivyo hata ukiwa kwenye Excel. Hapakuwa na virusi vyovyote. Tuliingia kwenye mipangilio ya Chrome, faragha na usalama, mipangilio ya tovuti, arifa. Kwenye orodha ya walioruhusiwa zilikuwepo tovuti ambazo majina yake ni herufi zilizomwagwa tu. Tukaziondoa moja baada ya nyingine, tukachagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba. Fundi aliweka Windows upya, ila mzee aliporudi kwenye tovuti zile zile ziliomba ruhusa upya, naye akabofya. Dawa ilikuwa ni hiyo orodha.

Dalili tofauti na hiyo ni kivinjari kinachokupeleka kwenye injini ya utafutaji usiyoijua kila unapotafuta kitu. Hapo mshukiwa ni kiendelezi. Fungua orodha ya viendelezi, zima vyote, washa kimoja kimoja. Kama kuna kimoja kisichoondoka, na Chrome inasema kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika lako wakati wewe huna shirika, andika chrome://policy uone nani amekuwekea masharti; hapo kuna programu ndani ya Windows iliyofanya hivyo na ndiyo ya kutoa kwanza.

Kwa tovuti moja iliyogoma huku nyingine zinafanya kazi, nina mwendo wangu. Naifungua kwenye dirisha fiche, lile lisiloweka kumbukumbu, kwa sababu humo viendelezi vya Chrome huwa vimezimwa isipokuwa ulivyoviruhusu, na vidakuzi vya zamani, zile faili ndogo ambazo tovuti huziacha ili zikukumbuke, havimo. Ikifunguka humo, kosa liko kwangu: nafuta vidakuzi vya tovuti hiyo peke yake kwa kubofya kialama kilicho pembeni ya anwani. Kufuta kila kitu kwa Ctrl, Shift na Delete ni kumtoa kila mtu kwenye kila akaunti, acha hadi mwisho. Ctrl, Shift na R nayo inalazimisha ukurasa ushushwe upya badala ya kuletwa ule wa jana uliohifadhiwa. Firefox ikiharibika yote, shikilia Shift wakati wa kuifungua, itakuuliza kama unataka hali ya utatuzi, bila viendelezi. Na kabla ya yote hayo soma anwani. Ofisi za serikali yetu ziko .go.ug, na watu wanaziandikia .com halafu wananiambia mtandao umekufa.

Mtandao nao hapa mpakani una vituko vyake. Simu inayogawa intaneti ikisogezwa karibu na dirisha la upande wa mashariki inadaka mnara wa Kenya. Bando la Uganda linakoma kimya kimya, kurasa hazifunguki, na kivinjari ndicho kinacholaumiwa. Ingia kwenye mipangilio ya simu, mitandao, acha kuchagua kiotomatiki, chagua mtandao wako kwa mkono. Wenye laini za Kenya wanashangaa mambo kinyume: tovuti zinawaonyesha bei za Kenya wakiwa wamekaa Uganda.

Madereva wengi hawana kompyuta, wananiuliza kuhusu simu. Chrome ya Android haipokei viendelezi. Firefox ya Android inapokea, na tangu Desemba 2023 vimefunguliwa kwa mamia. Fungua menyu, viendelezi, chagua uBlock Origin, basi. Na huko kwenye simu ndiko bando linaokoka zaidi kuliko kwenye kompyuta. Nawawekea bure kama wamekuja kuchapisha, la sivyo shilingi 1,000. Mwenye iPhone asiniletee Firefox, huko haibebi viendelezi; aende kwenye duka la Apple achukue uBlock Origin Lite ya Safari, iliyofika huko mwaka 2025.